Je, Wajua? Mwana wa Kusini na Tamthilia ya Maji Maji

Je, wajua, ewe msomaji wa Rutamba, ya kuwa tamthilia mashuhuri ya *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka 1969, ni kazi ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani yako hii ya kusini, aliyejifunza sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam? Vita vya Maji Maji, vilivyowaka mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, alivitwaa akavihuisha jukwaani, akituonyesha Kinjeketile, nabii aliyelemewa na uzito wa neno lake mwenyewe. Na hilo, kwa rai yangu, ndilo lililo bora kabisa katika kitabu hicho. Enyi walimu, wapeni vijana wasaa wa kuiigiza tamthilia hiyo.