Mkutubi na Maandalizi ya Kazi Yake

Mwanafunzi anayeamua kusomea ukutubi mara nyingi huvutiwa na mambo mawili: kupenda kusoma na kupenda utulivu. Sifa hizo ni njema, lakini hazitoshi. Anayezitegemea hizo peke yake hushangaa aanzapo kazi, maana mkutubi haajiriwi ili asome vitabu, bali ili awawezeshe wengine kuvipata.

Tuchukue mfano. Mtu anaingia maktabani na kuomba kitabu cha mahindi. Katika mpango wa desimali uliotolewa na Melvil Dewey mwaka 1876, elimu yote imegawanywa katika mafungu kumi. Fungu la 600 ni la teknolojia. Ndani yake 630 ni kilimo, 633 ni mazao ya shambani, 633.1 ni nafaka, na 633.15 ni mahindi. Kila tarakimu inayoongezwa huifanya mada kuwa finyu zaidi. Hata hivyo, ikiwa msomaji huyo anataka mapishi, kitabu chake kimo katika 641. Na ikiwa anataka habari za uzalishaji na bei, kimo katika 338. Vitabu vitatu vya zao moja vimekaa mbalimbali. Hapana budi mkutubi amwulize msomaji kwa upole mpaka haja yake ijulikane.

Kwa hiyo maandalizi ya mkutubi ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ufundi wa kupanga maarifa, ambao hufundishwa darasani. Afrika Mashariki ilipata shule yake ya ukutubi huko Makerere mwaka 1963. Nchini Tanzania kipo chuo cha Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Ya pili ni uwezo wa kusikiliza watu, nao hupatikana kwa mazoezi. Kompyuta, ambayo katika maktaba nyingi imechukua nafasi ya makabati ya kadi, haikuiondoa haja hiyo, kwani nayo hujibu kadiri inavyoulizwa.

Mwanafunzi wa sekondari anayeitamani kazi hii aweza kujipima mapema. Ajitolee katika maktaba ya shule yake, apange rafu moja, kisha awasaidie wenzake watano kutafuta wanachokihitaji. Akiona kwamba anayafurahia maswali yao kama anavyoufurahia utulivu wa rafu, ukutubi unamfaa.