Kabla ya kumwacha mtoto mfupi nje ya kikosi

Kila mwaka michezo ya shule za msingi ya UMITASHUMTA inapokaribia, walimu wa michezo wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, huwa na siku chache za kuamua nani atachezea kata, nani atakwenda wilayani na nani atapendekezwa timu ya mkoa. Mchujo wenyewe mara nyingi ni mechi moja au mbili, na jicho la mchaguzi huvutwa na mtoto anayewaacha wenzake mbio, anayewazidi kuruka na anayepiga mpira ukafika mbali. Hoja ya makala haya ni kwamba jicho hilo, hata likiwa la mwalimu mwaminifu anayeujua mpira, katika wilaya hizi mbili hupima balehe kuliko linavyopima kipaji. Matokeo yake, watoto walioambiwa mapema kwamba hawafai ni wengi, na kosa lao pekee ni kwamba miili yao haijafika bado.

Tuanze na mwili. James Tanner, daktari wa Uingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kupima ukuaji wa watoto, alionyesha kuwa wavulana wenye umri mmoja wa kalenda hawana umri mmoja wa mwili. Katika kundi la wavulana wa miaka 13, mifupa ya mmoja inaweza kuwa imekomaa kama ya kijana wa miaka 15, huku ya mwenzake ikiwa bado ya mtoto wa miaka 11. Kwa watoto wa Ulaya, kipindi cha kurefuka kwa kasi kubwa kabisa huwafikia wavulana wengi wakikaribia miaka 14, na katika mwaka huo mmoja wanaweza kuongezeka sentimeta 9. Misuli hufuata mifupa, na pamoja nayo huja nguvu, kasi na uwezo wa kugombea mipira ya juu. Aliyetangulia kubalehe anaingia kwenye mchujo na mtaji ambao mwenzake naye ataupata, ila siku ya mchujo hana. Wasichana huwatangulia wavulana kwa takriban miaka miwili, hivyo timu zao zinahitaji kalenda yao wenyewe, ingawa kanuni ni ile ile.

Hayo yanajulikana dunia nzima. Kinachoipa Kagera uzito wa pekee ni kwamba ni mmoja wa mikoa michache ya Afrika ambako ukuaji wa watoto umefuatiliwa kwa miaka mingi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa Benki ya Dunia pamoja na wa Tanzania walizitembelea kaya 915 katika wilaya zote za mkoa za wakati ule, Ngara na Biharamulo zikiwemo. Lengo la mwanzo lilikuwa kuelewa jinsi vifo vya watu wazima, hasa vya UKIMWI, vilivyoziathiri familia, lakini walipima pia urefu na uzito wa watoto, kisha watu wale wale wakatafutwa tena mwaka 2004 na 2010. Kalle Hirvonen alizitumia takwimu hizo kuchunguza iwapo mtoto aliyedumaa hubaki hivyo maisha yake yote. Jibu linatia moyo: sehemu ya urefu uliopotea utotoni hufidiwa wakati wa balehe, kwa sababu watoto hao huendelea kurefuka wakati wenzao wa nchi tajiri wamekwisha kusimama. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1982 uliwalinganisha watoto wa familia zenye uwezo mjini na wa familia maskini vijijini, ukakuta hawa wa vijijini wamechelewa kubalehe kwa miaka kati ya 2 na 3. Na tatizo la udumavu halijaisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kagera, pamoja na ndizi na maharage yake yote, ilikuwa juu ya wastani huo.

Ukiyaweka pamoja hayo mawili, tofauti za umri wa mwili na ukuaji unaochelewa wa Kagera, unaona ukubwa wa dhuluma. Mvulana wa huku, wa Rulenge au Nyakahura, anayepimwa akiwa darasa la saba hashindani na mwenzake wa kijiji jirani tu. Akivuka hapo atalinganishwa na watoto wa miji mikubwa waliokula vizuri zaidi na kubalehe mapema zaidi, na timu za taifa za vijana zina ukomo wa umri usiomngoja mtu. Akifikisha miaka 18 mwili wake utakuwa umeziba sehemu ya pengo lile, lakini kufikia hapo atakuwa amekwisha kuacha mpira, kwa kuwa miaka minne nyuma hakuna aliyemhesabu. Wilaya ambazo watoto wake huchelewa kukua ndizo zinazoumizwa zaidi na mchujo wa mapema, na hizo hizo ndizo tunazozilaumu kwamba hazitoi wachezaji.

Yupo atakayesema mpira ni mchezo wa kugongana, na mtoto dhaifu ataumia bure. Ni kweli kwamba nguvu zina nafasi yake. Lakini nguvu zinazoamua mechi ya watu wazima ni za mtu mzima, na urefu wa mvulana akiwa na miaka 13, ukiutazama peke yake, haukuambii atakuwa na umbo gani akiwa na 20. Sean Cumming wa Chuo Kikuu cha Bath na wenzake walilijaribu jambo hili katika akademi za klabu za Ligi Kuu ya Uingereza: waliwapanga wavulana wa miaka 11 hadi 14 kwa kiwango cha ukomavu wa mwili badala ya tarehe za kuzaliwa, wakawachezesha wao kwa wao. Waliozoea kushinda kwa misuli walikiri kuwa mechi zilikuwa ngumu, ikawabidi watumie akili na pasi za haraka. Waliochelewa walipata, pengine kwa mara ya kwanza, nafasi ya kuongoza mchezo. Faida iliyafikia makundi yote mawili, na hili lisisahaulike: kijana mkubwa anayeshinda kila siku kwa kumsukuma mwenzake hanolewi, na wenzake wakishamfikia kimo hubaki bila silaha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la vijeba. Tukisema tuwangoje wanaochelewa, je, hatufungui mlango kwa watu wazima wanaojiandikisha kama watoto? Tanzania inaujua uchungu huu kwa pande zote mbili. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, waliondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana kwa sababu ya umri wa mchezaji, na mwaka 2017 walikwenda fainali za Gabon baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa katika shauri la umri. FIFA ilianza mwaka 2009 kutumia picha za sumaku za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana, lakini kipimo hicho hakitafika kiwanja cha shule ya msingi. Vyeti vya kuzaliwa navyo havitoshi. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta ni takriban robo tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliosajiliwa, na kizazi hicho ndicho kinachogombea namba leo. Kinachofaa hapa ni kupima urefu mara kwa mara. Anayepimwa kwa mwaka mzima bila kuongezeka hata sentimeta mbili kwa kawaida amekaribia kumaliza kukua, cheti chake kiseme kitakavyo, na hapaswi kutumika kama kipimo cha kuwakataa wanaoendelea kukua.

Upimaji huo hauhitaji maabara. Unahitaji ukuta ulionyooka wa darasa, futi kamba ya fundi, kitabu chenye jalada gumu, penseli na daftari. Mtoto anavua viatu, anaegemeza visigino, makalio na mabega ukutani, anatazama mbele. Mwalimu anakilaza kitabu kichwani, ubavu wake wote ukiugusa ukuta, anachora mstari chini yake na kupima kutoka sakafuni. Ifanyike asubuhi, kwa sababu mtu hufupika kidogo kadiri siku inavyokwenda, na irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Mtoto ambaye daftari linaonyesha anakua kwa kasi ya sentimeta 7 au zaidi kwa mwaka yumo kwenye mruko wa balehe. Huu ndio wakati miguu inaitangulia akili, anapokosea mpira aliokuwa akiuzuia vizuri mwaka jana, na wakati maumivu ya chini ya goti yanapowapata wengi, pale kano inapouvuta mfupa ambao haujakomaa. Kocha asiyejua humwita mzembe. Anayejua humpunguzia mbio kali na kuruka kwa wiki kadhaa, akikumbuka pia kwamba kijana huyo amekwisha kupanda kilima na dumu la maji kabla ya kufika mazoezini.

Hata uchovu una sababu zake. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria pamoja na upungufu wa madini ya chuma hupunguza damu inayobeba oksijeni. Mchezaji anayeishiwa pumzi kila kipindi cha pili apelekwe zahanati akapimwe wingi wa damu kabla hajaitwa mvivu.

Saikolojia ndiyo sehemu tunayoidharau zaidi, na ndiyo isiyo na gharama kabisa. Mtazame winga wa miaka 12 anayejaribu kumpiga chenga beki, akapoteza mpira, na sauti kutoka pembeni ikamfokea apige mbele. Mara ya pili anapopata mpira ataupiga mbele kweli, popote, ili asifokewe. Amejifunza kuogopa, na chenga aliyokuwa akiitengeneza kwenye chandimu imekufia pale. Watafiti wa Marekani Ronald Smith na Frank Smoll waliwachunguza makocha wa watoto wa besiboli kwa miaka mingi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1992, makocha waliofundishwa kwa saa chache namna ya kusifu juhudi, kusahihisha kosa kwa maelekezo na kuacha kuadhibu walipoteza asilimia 5 ya wachezaji wao msimu uliofuata. Wenzao ambao hawakufundishwa walipoteza asilimia 26. Mchezo ni mwingine, lakini moyo wa mtoto anayeaibishwa mbele ya wenzake ni ule ule.

Wapo wanaouliza: Samatta alipimwa na nani? Mbwana Samatta alitoka Dar es Salaam, akapitia Simba, TP Mazembe na Genk, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Huyo ni mmoja aliyepenya, na kupenya kwake hakutuambii chochote kuhusu wangapi walizuiwa. Wengine watasema sayansi ni anasa ya wenye nyasi bandia. Ushahidi unasema vingine. Katika ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria, timu 20 zilishirikishwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Zilizofanya mazoezi ya kupasha misuli ya FIFA, yanayochukua kama dakika 20 bila kifaa cha kununua, zilipunguza majeraha kwa asilimia 41. Hata chandimu ina watetezi wake: utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2016 ulikuta wachezaji wa timu ya taifa, walipokuwa watoto, walicheza zaidi mpira wa kujipangia wenyewe kuliko wenzao walioishia ligi za ridhaa.

Kizuizi cha kweli kimebaki kwetu wakubwa. Mwalimu hupimwa kwa kombe la mwaka huu, hivyo hukimbilia mwenye mwili wa mwaka huu. Lawama hiyo si yake peke yake, na hataweza kubadilika kama wanaomtuma hawabadiliki. Maafisa michezo wa Ngara na Biharamulo, andikeni kanuni moja kabla ya mchujo ujao: katika kila kikosi cha wilaya, nafasi nne zitengwe kwa wachezaji ambao daftari la shule linaonyesha bado hawajaanza mruko wa kukua, wachaguliwe kwa pasi, chenga na uamuzi wao uwanjani, nao wapewe dakika za kucheza. Na aliyeachwa mwaka huu aitwe tena mwaka ujao, na ule unaofuata, hadi atakapofikisha miaka 17.