Vunjajungu mwenye woga ndani ya nyumba

Juma hili tunaongea juu ya mdudu. Msicheke. Mvua ikirudi, watoto wa Mapendo wanaokota vunjajungu kwenye maua ya uani na kwenye lengalenga, wanamtia ndani ya bidoni iliyokatwa, na mama anakuta kitu cha kijani kinamkodolea macho juu ya meza ya chakula. Swali la kwanza ni la mama: anauma? La pili linakuja siku mbili baadaye, na ni la mtoto: mbona hataki kula, mbona ananikasirikia?

Tuanze na la mama. Jina vunjajungu limetoka kwenye imani ya zamani ya Waswahili wa pwani kwamba anayemgusa mdudu huyu atavunja chungu atakachoshika baadaye. (Huko pwani kuvunja jungu ni pia karamu ya kabla ya mfungo wa Ramadhani, lakini hiyo ni habari nyingine.) Wafaransa nao wamemwita kwa jina la mtu wa dini anayesali, kwa jinsi anavyokunja mikono. Hasali, wala si mchawi. Mikono ile ina miiba, na ni mtego wa kukamatia wadudu wengine. Hana sumu. Akibana kidole cha mtoto atamchoma kidogo, basi. Hakuna sababu ya kumponda kwa kandambili, na sahani zenu zikivunjika mtafute aliyeziosha.

Sasa ile hasira. Vunjajungu anaposimama wima, akapanua mikono na kutandaza mabawa, watoto wanasema anataka kupigana. Ukweli ni kwamba ameogopa. Mdudu wa sentimita 7 au 8 ameona mkono unashuka juu yake kama ndege anayekuja kumla, naye anajifanya mkubwa. Mwingine hatajikuza: atakimbia, atajiangusha chini, au atayumbayumba polepole kama jani kwenye upepo ili asionekane. Akifanya hivyo mara moja, si kitu. Akifanyiwa fujo kutwa nzima, hali. Na watoto sita wakiinamia bidoni moja, hiyo ni fujo.

Wamama wengi hapa Goma wana mtoto anayeshtuka mlango ukigongwa kwa nguvu, tangu mapigano ya mwezi wa kwanza 2025. Mtoto wa namna hiyo haelezwi mara mbili. Kwa jirani yetu mmoja, yule aliyekuwa hasemi sana ndiye aliyewafukuza wenzake mezani: mwacheni, anaogopa. Sisemi kwamba mdudu anaponya mtoto. Asiyelala usiku anahitaji mtu mzima wa kukaa naye, na anahitaji kupelekwa kwenye kituo cha afya. Lakini kazi ya kukaa kimya karibu na kiumbe mwenye woga mpaka atulie, watoto wanaiweza kuliko tunavyofikiri.

Kutulia kwake kunategemea pale anapokaa. Kelele za midomo hazimsumbui sana: aina nyingi za vunjajungu zina sikio moja tu, liko chini ya kifua, nalo limeumbwa kusikia sauti nyembamba sana ya popo, ile ambayo sisi hatuisikii. Kinachomsumbua ni mtikisiko na kivuli. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, mtu akikanyaga sakafu meza yote inatetemeka. Basi msimweke mezani. Mtundikeni ukutani, kwenye kona, mbali na mlango. Usiku baridi yetu inamlegeza, kwa hiyo karibu na jiko ni pazuri, ila moshi wa mbabula usimfikie.

Bidoni isimame wima, na urefu wake uzidi mara tatu urefu wa mdudu. Plastiki inateleza, hivyo tieni ndani kijiti cha kupandia, na juu mfunike kwa kitambaa chepesi cha rido ili apate pa kujishika. Hapa nasisitiza: msitumie kipande cha chandarua cha mbu. Vyandarua vinavyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu, naye ni mdudu, atakufa. Na siku mnapopuliza dawa ya mbu, atoke nje ya nyumba.

Chakula chake ni mdudu aliye hai, kila siku mbili au tatu: panzi mdogo, au vipepeo wa usiku wanaozunguka taa. Tumbo likiwa nene ameshiba, likiwa bapa ana njaa. Mtoto asiende kuvizia nzi chooni. Kipindupindu tunakijua katika mji huu, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumhudumia. Maji anakunywa matone. Nyunyizeni kidogo kwenye kitambaa.

Mara nyingine atakataa kula bila kuogopa chochote. Anataka kujivua ngozi. Atajining'iniza kichwa chini, kimya, hata siku kadhaa. Hapo mtoto asimguse kabisa na asiache panzi ndani, maana anaweza kumng'ata. Akianguka katikati ya kujivua anaweza kupinda miguu au kufa. Akimaliza, mwili ni laini. Ngojeni kama siku mbili ndipo alishwe.

Mtoto akitaka kumshika, asimkamate kutoka juu. Aweke kiganja mbele yake, halafu amguse polepole miguu ya nyuma kwa jani, atapanda mwenyewe. Asimpulizie pumzi. Akipanua mikono, mtoto arudishe mkono wake taratibu na kujaribu tena kesho.

Mwambieni mtoto mapema kwamba mdudu huyu haishi sana. Akishaota mabawa amekuwa mtu mzima, na kinachobaki ni miezi tu. Dume huondoka mapema zaidi. Afadhali alijue hilo kwa mama kuliko kumkuta amelala chini ya bidoni asubuhi moja. Anayehangaika kila siku na hali, mrudisheni jioni kwenye kichaka alikotolewa. Hilo pia ni kumtunza. Na wawili wasikae bidoni moja, watalana.

Jike akinenepa sana huenda akatoa povu kwenye kijiti, likakauka likawa kama kipande cha sponji. Hayo ni mayai yake, na yanaweza kuwa zaidi ya mia. Jike asiyekutana na dume naye hutaga, lakini mayai yake kwa kawaida hayatotoki. Msiyatupe wala msiyaache ndani: yakitotoka, vitoto vitajaa kwenye mapazia na kuanza kulana. Fungeni kile kijiti kwenye kichaka, karibu na lengalenga, mahali kuku hawafiki.