Bwana Afya na Bekari za Chini ya Ardhi

Mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa ya mkate ulioliwa New York ilikandwa usiku, chini ya majumba ya kupanga. Bekari ndogo zilikimbilia huko kwa sababu zinazoeleweka: kodi ilikuwa nafuu, sakafu ilihimili uzito wa tanuri la matofali, na joto lilisaidia unga uliotiwa hamira kuumuka haraka. Tatizo ni kwamba mabomba ya maji machafu ya jumba zima yalipita humo humo, juu ya vichwa vya waokaji. Bomba likivuja, lilivujia kwenye unga.

Sheria ya jimbo ya mwaka 1895 ilimpa mkaguzi vitu vya kuangalia. Dari iwe na kimo kisichopungua futi 8. Kuta zipigwe plasta, na mkaguzi akiona haja, zipakwe chokaa upya kila baada ya miezi mitatu. Choo kisiwe ndani ya chumba cha kuokea, wala mtu asilale panapohifadhiwa unga, kwani waokaji wengi walijinyoosha juu ya magunia wakisubiri donge liumuke. Wanyama wa kufugwa walipigwa marufuku, isipokuwa paka. Huyo aliachwa kwa sababu ya panya, na hapo naona watunga sheria waliijua bekari vizuri.

Sheria hiyo hiyo iliweka kikomo cha kazi: saa 10 kwa siku, saa 60 kwa wiki. Joseph Lochner, mwenye bekari mjini Utica, alitozwa faini kwa kukivuka, akakata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1905, majaji watano dhidi ya wanne walikifuta kikomo hicho. Jaji Peckham alishikilia kuwa usafi wa mkate hauhusiani na saa anazofanya kazi mwokaji. Masharti ya plasta, choo na dari yakabaki.

Mimi sikubaliani naye hata kidogo. Donge lilikandwa kwa mikono, katika joto kali, na jasho la mtu aliyechoka lilidondoka mumo humo. Vumbi la unga nalo huwasha macho, huingia kwenye mapafu na kuleta kikohozi kisichoisha. Jaji Harlan, aliyepinga hukumu hiyo, alinukuu wataalamu walioandika kuwa waokaji ni nadra kuvuka umri wa miaka 50. Ukaguzi unaopima kimo cha dari na kumpita aliyesimama chini yake umeacha nusu ya kazi.

Isitoshe, chokaa hupakwa kwa siku moja, ila chumba kilichochimbwa chini ya ardhi hakipati dirisha kwa kuamriwa. Baada ya moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle kuua watu 146 mwezi Machi 1911, jimbo liliunda tume ya kuchunguza viwanda. Daktari George Price, aliyesimamia uchunguzi wake wa afya, hakuishia kwenye kuta: waokaji wenyewe walipimwa, vifua vyao vikasikilizwa. Tume ikasema wazi kuwa chini ya ardhi si mahali pa kuokea mkate. Mwaka 1913 sheria ikakataza kufungua bekari mpya za namna hiyo. Zilizokuwepo ziliruhusiwa kuendelea, mradi ziwe na cheti cha usafi.