Presha Haipigi Hodi

Vijana wengi wanaoanza kazi za ofisini Dar es Salaam hupenda kupanga chumba Upanga. Tunawaelewa. Kazini Posta ni karibu, maduka yapo, na upepo wa bahari unafika hadi ghorofani. Anayeishi huko haamki alfajiri kugombea basi kutoka Mbagala.

Lakini sisi wauguzi tunaona upande wa pili. Kijana anashuka kwa lifti, anapanda bajaji, anakaa kwenye kiti kutwa nzima, kisha anarudi kwa bajaji. Jioni amechoka kupika, ananunua chipsi mayai na soda. Soda moja ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa. Chumvi ya chipsi hainyunyizwi kwa kipimo, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja tu cha chai. Ijumaa huongezeka bia hadi usiku wa manane.

Hapo ndipo presha huingia. Wengi hudhani ni ugonjwa wa wazee. Tena kwa kawaida haiumi: mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi akijiona mzima, kumbe moyo, figo na mishipa ya ubongo vinaharibika. Wengine hugundua siku wanapopata kiharusi. Na anayeishi peke yake, mlango umefungwa kwa ndani, nani atajua kwamba ameanguka?

Tufanye nini basi?

Kwanza, pima presha hata kama huumwi. Ikionyesha 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Ukiandikiwa dawa, usiziache kwa sababu tu unajisikia vizuri.

Pili, tembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Kutoka Upanga hadi Posta miguu inafika.

Tatu, pika. Jumapili chemsha maharage, yagawe, yahifadhi kwenye friji. Kila jioni ongeza mchicha.

Nne, mfahamu jirani wa mlango wa pili. Mwachie namba ya simu ya nyumbani kwenu, nawe uchukue ya kwao. Mkikosa kuonana siku mbili, gongeaneni.