Nanga katika Taya: Maelezo ya Kusogeza Meno ya Mbele na Maneno Yake

Mtu wa Talatala, katika nchi tambarare ya Kyela iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akiambiwa na mganga kwamba meno yake ya mbele yatavutwa, hakosi sababu ya kudhani kuwa yatang'olewa. Mganga naye hakusema uongo, maana meno yale yatavutwa kweli, lakini yatavutwa yakiwa ndani ya taya, kwa miezi mingi, mpaka yafike mahali papya. Neno moja limebeba mambo mawili, na mgonjwa aliyelielewa vibaya aweza kukataa tiba inayomfaa au kukubali asiyoijua. Kwa sababu hiyo yafaa kueleza kazi yenyewe jinsi ilivyo, kisha kupima maneno ya Kiswahili yanayoweza kuichukua.

Jino halikushikamana na mfupa moja kwa moja. Kati ya mzizi na mfupa pana utando wa nyuzinyuzi, upana wake kama robo ya milimita. Jino likisukumwa polepole kwa muda mrefu, utando hubanwa upande mmoja na kutanuka upande wa pili. Penye kubanwa mfupa huliwa na chembe za mwili zilizo na kazi hiyo. Penye kutanuka chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Jino basi halipiti katika mfupa kama msumari upitavyo katika ubao, bali mfupa wenyewe hubomolewa mbele yake na kujengwa nyuma yake. Kazi hiyo haitaki nguvu kubwa. Mwaka 1932 A. M. Schwarz alishauri kwamba mkazo usizidi gramu 20 hadi 26 kwa kila sentimita mraba ya mzizi, yaani usizidi msukumo wa damu katika vishipa vidogo kabisa. Utando ukibanwa kupita kiasi hukosa damu, jino husimama badala ya kwenda, na ncha ya mzizi yaweza kulika.

Sasa ndipo shida ya kale inapoanza. Anayevuta lazima naye ashike mahali. Mvuvi aliye katika mtumbwi akivuta kamba iliyofungwa mtumbwi wa mwenzake, mitumbwi yote miwili hukaribiana, na ule mwepesi huenda zaidi. Hiyo ndiyo kanuni aliyoiandika Isaac Newton mwaka 1687, kwamba kila tendo lina jibu lililo sawa nalo na kuelekea kinyume. Katika kinywa mambo ni yale yale. Ikiwa jino moja la nyuma ya chonge limeng'olewa kila upande ili meno sita ya mbele yarudishwe nyuma, na kamani imefungwa kutoka meno hayo hadi magego, meno ya mbele hurudi, lakini magego nayo huja mbele. Pengo la milimita 7 laweza kuzibwa, na bado meno ya mbele yakawa yamerudi sehemu tu ya safari yake.

Mvuvi hutatua jambo hili kwa kuacha kuvuta mtumbwi wa mwenzake, akafunga kamba kwenye mti wa ufuoni au akatia nanga. Waganga wa meno walitafuta njia hiyo hiyo. Mwaka 1945 Gainsforth na Higley walitia parafujo katika taya za mbwa na kuzivutia meno, lakini zilitoka baada ya majuma machache. Mwaka 1983 Creekmore na Eklund walieleza habari za mgonjwa mmoja aliyetiwa parafujo chini ya pua, na meno yake ya mbele ya juu yakapandishwa kiasi cha milimita 6. Mwaka 1997 Kanomi alieleza parafujo ndogo sana, na tangu hapo kazi hii imeenea. Parafujo za siku hizi hufanywa kwa madini ya titani yaliyochanganywa na mengine. Kwa kawaida unene wake huwa milimita 1.2 hadi 2, na urefu wake milimita 6 hadi 12. Huwekwa kwa ganzi, mara nyingi kati ya mizizi ya gego la kwanza na jino lililo mbele yake, na kazi ikiisha huondolewa.

Je, chombo hiki kiitwe nini? Wako watakaopenda kigingi, kwa mfano wa kigingi cha kufungia mbuzi. Lakini nanga ni neno la kweli zaidi. Parafujo hii haikuungana kabisa na mfupa. Imeshikwa na kubanana tu, na vipimo vimeonyesha kwamba ikivutwa kwa miezi yaweza kusogea kidogo pasipo kung'oka, kama nanga iburutwavyo katika tope kabla haijashika. Tena katika kila 100 zinazotiwa, kiasi cha 13 au 14 hulegea na kushindwa kazi. Neno kigingi laahidi uthabiti usiokuwapo. Neno nanga lamwonya mgonjwa na mganga pamoja.

Baada ya kupata pa kushika, lipo swali la pili, nalo ni gumu zaidi: jino likivutwa litakwendaje? Upondo uliochomwa katika tope la ziwa ukisukumwa kwa juu hauendi wote upande mmoja. Kichwa huenda mbele, na ncha iliyo topeni hurudi nyuma kidogo. Jino nalo ni hivyo. Ndani ya mfupa kuna mahali ambapo kani ikipita hapo jino lote husogea wima bila kuinama. Mahali hapo paweza kuitwa kitovu cha ukinzani. Kwa jino lenye mzizi mmoja kipo kati ya theluthi na nusu ya mzizi, kuhesabu kutoka ukingo wa mfupa. Mkono wa mganga haukifikii. Yeye hushika taji tu, lililo nje ya ufizi.

Basi kani ya uzito wa gramu 150 ikipita milimita 10 chini ya kitovu cha meno ya juu, huleta mzunguko wa gramu-milimita 1,500, na meno huinama kuelekea ulimi. Ili yasiinamishwe, waya hupindwa hata ulete mzunguko wa kinyume uliolingana na huo, yaani 10 kwa 1. Uwiano ukiwa kama 7 kwa 1, taji hurudi na ncha ya mzizi hubaki karibu na mahali pake. Ukifika 12 kwa 1, mzizi hutangulia.

Nanga ya taya imeleta njia nyingine. Mganga huweza kusimamisha kwenye waya mkono mrefu wa chuma unaopanda juu ya ufizi, na kuifunga kamani hapo, ili kani ipite karibu na kitovu chenyewe. Umbali ukipungua, mzunguko nao hupungua. Lakini mkono mrefu mno huumiza mdomo na wenyewe hupindika. Kimo cha parafujo nacho kina maana. Mtumbwi ukivutwa na kamba iliyofungwa juu ya ukingo, huvutwa na pia huinuliwa. Kani ya gramu 150 ikielekea juu kwa nyuzi 30, gramu 75 huinua meno na kama 130 huyarudisha nyuma. Mwenye meno yanayoshuka mno hufaidika. Asiye na haja hiyo hudhurika.

Nanga haiharakishi mfupa. Meno huenda kwa kawaida kama milimita 1 kwa mwezi, na mgonjwa hurudi kwa mganga kila baada ya majuma manne hadi sita. Mabingwa wa kazi hii ni wachache, nao wengi wako miji mikubwa; kwa mtu wa Kyela, parafujo iliyolegea ni safari ya kupanda milima. Wala si kila meno yaliyotokeza ni ugonjwa, wala kila mwanya ni kasoro, kwa kuwa wengi katika Afrika ya Mashariki wauhesabu mwanya kuwa uzuri. Kabla ya kukubali, mgonjwa ana haki ya kujua ni jino lipi litaondolewa, ni yapi yatahama, na kwa muda gani.

Kwa hiyo maneno yatengwe. Kung'oa kuwe kuliondoa jino. Kusogeza kuwe kulihamisha zima, taji na mzizi. Kuinamisha kuwe kuligeuza taji kuliko mzizi. Kuvuta kubaki jina la kazi ya kamani, si la yale yatakayolipata jino. Mganga akisema, “Meno haya tutayasogeza nyuma, tukishika nanga hapa,” mtu wa Talatala hatahitaji mkalimani.