MANENO YA MTU ALIYEISHIWA

Zifikapo wiki za mwisho za muhula, bwenini kwetu fedha huadimika na maneno huongezeka. Mmoja husema, "Nimechacha." Mwingine hujibu, "Mimi nimefulia." Wa tatu hugeuza mifuko nje na kusema hana hata ndururu. Yafaa tueleze baadhi ya maneno hayo yalikotoka.

"Kuchacha" ni neno la jikoni. Mchuzi uliolala huchacha, usifae tena kuliwa; ndivyo ajionavyo mtu asiye na kitu mfukoni. Waingereza nao husema mtu wa namna hiyo amevunjika, au amechunwa ngozi.

Maneno mengine ni majina ya sarafu ambazo zenyewe zimekwisha kutoweka. Tusemapo "sina hela" twaitaja sarafu ya Wajerumani, ambao tangu mwaka 1904 waliigawa rupia ya nchi hii katika heller 100. Mwaka 1916, katikati ya vita, hata wao walipungukiwa, wakafua sarafu katika karakana ya reli huko Tabora. Kisha ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1966 shilingi ya Tanzania. Heller ilikwisha, jina lake lingali midomoni mwetu. Ndururu nayo ilikuwa senti tano. Wanyakyusa wa Rungwe huita fedha "indalama", neno litokanalo na dirhamu ya Waarabu.

Lakini "muflisi" si neno la mzaha. Huyo ni mtu ambaye deni limemzidi hata mali yake ikauzwa.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alisema kila siku kwamba amechacha, nasi tukacheka. Siku ya kufunga shule tulipokuwa tukipanda basi la Iringa, yeye alibaki stendi ya Mbeya, ameketi juu ya sanduku lake. Hakuwa na nauli. Tulichanga, akapanda, wala hakusema neno mpaka Makambako.

Hapo nilifahamu kwamba maneno haya ya kuchekesha humsitiri mtu aibu yake, na kwa sababu hiyo huweza kutudanganya sisi tunaosikiliza. Basi tucheke, ndugu zangu, lakini kabla ya kufunga shule tumwulize mwenzetu, tukiwa wawili tu, kama nauli anayo.